Bakteria wa Ruiru aliyehamia Ujerumani

Mmezoea kwamba hapa tunazungumza kuhusu programu, seva na vituko vya Linux. Leo naomba tuiweke kompyuta pembeni kidogo, tumzungumzie kiumbe mmoja mdogo sana kutoka Ruiru. Wengi wenu mnapita pale kila siku kwenye barabara kuu ya Thika na hamjawahi kumsikia. Anaitwa SE50. Msicheke, ndilo jina lenyewe.

Kwa ufupi, habari ni hii. Mwaka 1970 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilimtenga bakteria kutoka kwenye udongo wa shamba la kahawa la Ruiru. Bakteria huyo hutengeneza akabosi, dawa ya kisukari ambayo imeuzwa dunia nzima kwa jina la Glucobay. Mwaka 2004 peke yake, Bayer iliuza Glucobay ya Euro milioni 278. Sasa nenda Ruiru umuulize mtu yeyote pale stendi ya matatu kama ana habari hizo.

Mimi ni mtu wa kuandika programu, si mwanabiolojia. Lakini nilipoanza kuisoma historia hii niliona inatuhusu sana sisi watu wa kompyuta, kwa sababu swali lake ni letu: nani ana haki juu ya toleo la kwanza, nani ana haki juu ya maboresho, na jina la nani linaandikwa kwenye orodha ya waliochangia?

KWA NINI UDONGO?

Chota udongo wa kujaza kijiko cha chai. Ndani yake mna bakteria mamilioni kwa mamilioni, na wote wanagombania chakula kilekile: majani yaliyooza, mizizi, mabaki ya wadudu. Katika ugomvi huo kila mmoja ana silaha zake, na silaha hizo ni kemikali. Mwaka 1943 huko Marekani, Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman, alipata streptomaisini kutoka kwa bakteria wa udongoni. Ikawa dawa ya kwanza ya viuavijasumu iliyoweza kutibu kifua kikuu.

Baada ya hapo kampuni za dawa zikaanza kukusanya udongo kutoka kila pembe ya dunia. Erithromaisini ilitoka kwenye udongo wa Ufilipino. Saiklosporini, ambayo huwasaidia waliopandikizwa figo, ilitoka kwa kuvu wa udongo wa Norway. Ivermektini, ambayo wafugaji wetu wanaijua vizuri, ilitoka kwa bakteria wa udongo wa Japani. Kwa hiyo Ruiru haikuwa peke yake. Ilikuwa kituo kimoja katika safari ndefu ya watu wenye mifuko midogo na kijiko.

Lakini kubeba udongo ni kazi nyepesi. Kazi ngumu inakuja baadaye, na ili tuielewe inabidi kwanza tupitie Tokyo.

TOKYO, 1956

Protini zote zimejengwa kwa asidi amino, kama ukuta unavyojengwa kwa matofali. Mwaka 1908 Mjapani Kikunae Ikeda aligundua kwamba utamu wa supu ya mwani unatokana na asidi amino moja, asidi ya glutamiki. Chumvi yake ndiyo ile inayotiwa leo kwenye viungo vingi vya mchuzi. Kwa miaka mingi ilipatikana kwa njia ya taabu: protini ya ngano ilipikwa kwa asidi kali mpaka ikavunjika.

Mwaka 1956 kampuni ya Kyowa Hakko ilitaka kumpata bakteria wa kuifanya kazi hiyo. Shigezo Udaka, aliyefanya kazi chini ya Shukuo Kinoshita, alibuni kipimo kizuri mno. Alikuza vikundi vya bakteria kwenye sahani za maabara, akaviua kwa miale ya urujuanimno, kisha juu yake akamwaga bakteria wa aina nyingine ambaye hawezi kukua bila asidi ya glutamiki. Mahali ambapo huyu wa pili alistawi, basi yule aliyekuwa chini yake alikuwa ameimwaga nje. Kwa vile alikuwa na nakala hai za kila kikundi pembeni, alirudi kumchukua mshindi. Ndugu zangu waandishi wa programu, hilo ni jaribio la kujiendesha lenyewe, na nakala rudufu juu yake!

Mshindi huyo baadaye aliitwa Corynebacterium glutamicum. Akinyimwa biotini, ambayo ni vitamini, humwaga asidi ya glutamiki kwa wingi kuliko anavyohitaji mwenyewe.

Kisha wakaenda hatua ya pili, yaani kumboresha. Walitaka lisini, asidi amino nyingine. Shida ni kwamba bakteria ni mbahili. Akishatengeneza lisini ya kumtosha, mtambo unajifunga, kama boya linavyofunga maji tangi likijaa. Katika bakteria huyu kufuli hilo lina funguo mbili: lisini na threonini zikijaa pamoja, kimeng'enya cha mwanzo kabisa cha mtambo kinasimama. Watafiti walisababisha mabadiliko ya jeni ya kubahatisha, wakawachuja maelfu, wakampata aliyeharibika mahali fulani hata hawezi tena kutengeneza threonini. Wakawa wanamlisha threonini kidogo tu, ya kumwezesha kuishi. Ufunguo mmoja ukakosekana, kufuli halikufunga, lisini ikafurika. Kufikia 1958 walikuwa na njia ya kuzalisha lisini kwa uchachushaji.

Leo lisini na asidi ya glutamiki huzalishwa kwa mamilioni ya tani kila mwaka. Mahindi yana lisini kidogo, ndiyo maana watengenezaji wa chakula cha kuku huiongeza. Mfugaji wa Thika anayenunua mfuko wa chakula cha kuku wa mayai pale agroveti, ndani yake ananunua pia jasho la bakteria wa viwanda vya mbali.

Tuchukue somo moja kutoka Tokyo kabla ya kurudi nyumbani. Vitu vinavyohitajika ni vitatu: sampuli, kipimo na uboreshaji. Ukiwa na sampuli peke yake, una udongo tu.

SASA RUIRU

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Bayer huko Wuppertal walikuwa na wazo. Mgonjwa wa kisukari akila wanga, uwe ugali, viazi au mkate, vimeng'enya vya tumboni huukatakata mpaka ukawa glukosi, na glukosi ikaingia kwenye damu kwa kasi. Je, ukivichelewesha vimeng'enya hivyo? Glukosi ingeingia polepole.

Walianza na kizuizi kilichotokana na unga wa ngano, kisha wakageukia viumbe vya udongoni. Timu ilikuwa na watu kama Werner Frommer, Walter Puls na Delf Schmidt. Kipimo cha namna hii mnaweza kukielewa wote mliosoma biolojia ya sekondari. Wanga ukitiwa iodini hugeuka rangi ya buluu iliyokolea. Kimeng'enya kikiukata wote, buluu hupotea. Sasa ongeza supu aliyokulia bakteria wako. Kama wanga unabaki mzima, basi ndani ya supu ile kuna kitu kinachokizuia kimeng'enya.

Bakteria wa Ruiru alikuwa na kitu hicho. Ni wa jenasi Actinoplanes, bakteria wanaoota kama nyuzi hata ukadhani ni kuvu, mara nyingi wenye rangi ya machungwa. Wana vifuko vya mbegu ambavyo mvua ikinyesha hupasuka, na mbegu zake huogelea kutafuta makao mapya. Anatengeneza akabosi kwa mfululizo wa vimeng'enya vyake mwenyewe. Akabosi ni sukari yenye nitrojeni ndani yake, na hataza yake ya Marekani ya mwaka 1977 iliiweka katika kundi la sukari za amino. Kimeng'enya cha utumboni huikamata kikidhani ni wanga, kisha kinakwama nayo, kama mtu anayelazimisha ufunguo usio wake kwenye kufuli.

Bakteria anaitakia nini? Maelezo mawili yametolewa. La kwanza ni kwamba anawazuia majirani wasile wanga wakati yeye anakula, kwa kuwa vimeng'enya vyake mwenyewe havizuiwi. La pili ni kwamba akabosi humsaidia kukusanya sukari nje na kuirudisha ndani.

Hapa kuna jambo la kusahihisha. Habari nyingi zilizosambaa miaka ya 2000 zilisema bakteria huyu alitoka "Ziwa Ruiru". Jamani, Ruiru haina ziwa! Ina mto na ina bwawa. Watafiti wa Ujerumani wenyewe wanaandika shamba la kahawa, na hilo ndilo linaloingia akilini, maana Ruiru ya 1970 ilikuwa kahawa kila upande. Kituo cha utafiti wa kahawa kilikuwa pale pale tangu miaka ya 1940.

TOLEO LA 110

Sasa sehemu ninayoipenda. Bayer waliweka bakteria wao katika hifadhi ya CBS, Uholanzi. Namba za hifadhi hiyo zina utaratibu: namba ya kuingizwa, nukta, kisha mwaka. SE50 ni CBS 961.70. Mzao wake SE50/13 ni CBS 614.71. Mzao mwingine, SE50/110, ni CBS 674.73. Mmeona? Kuna toleo la 1970, la 1971 na la 1973. Huo ni mfumo wa kuhifadhi matoleo, miaka mingi kabla sisi hatujajua kuuita hivyo.

SE50/110 hakutengenezwa kwa ujanja wa jeni. Ni mzao wa asili aliyeteuliwa. Ukisambaza bakteria wa ukoo mmoja kwenye sahani, watoto hawafanani kabisa. Unampima kila mmoja, unamchukua anayetoa akabosi nyingi, unarudia. Ndivyo mkulima anavyoteua mbegu za mahindi kwenye magunzi makubwa. Baadaye viwandani zikafuata mbinu za kawaida za kusababisha mabadiliko ya jeni na kuchuja, zilezile za Tokyo.

Walijifunza pia kumlisha. Bakteria huyu hutengeneza sukari za familia ya akabosi zenye urefu tofauti, na chakula anachopewa huamua urefu upi utazidi. Akipewa maltosi kwa wingi, hutoa zaidi akabosi yenyewe. Tena kuna kasoro moja sugu: hutoa pia kitu kinachoitwa kijenzi C, ambacho kinafanana sana na akabosi lakini hakitakiwi kwenye dawa, na kukitenga ni kazi ya gharama. Watafiti wamehangaika nacho kwa miongo kadhaa. Kila mmoja wetu anaijua kasoro ya namna hiyo.

Dawa ilifika madukani Ujerumani mwaka 1990, na Marekani ikaidhinishwa 1995 kwa jina la Precose. Baadaye China ikawa soko lake kubwa. Mwaka 2002 matokeo ya utafiti uitwao STOP-NIDDM, uliohusisha watu 1,429 waliokuwa njiani kupata kisukari, yalionyesha kwamba 32 kati ya kila 100 waliomeza akabosi walifikia kisukari, dhidi ya 42 kati ya kila 100 waliomeza vidonge bandia. Ina adha yake: wanga usiokatwa hushuka mpaka utumbo mpana, bakteria wa huko wanafanya sherehe, na gesi inakuwa nyingi. Lakini inafanya kazi.

NI YA NANI?

Turudi kwenye swali letu. Wapo wanaosema moja kwa moja kwamba huu ni wizi. Mimi naona tuhesabu pande zote mbili. Kutoka udongo wa 1970 hadi duka la dawa la 1990 ni miaka 20 ya kupima, kuteua, kusafisha na kujaribu. Kazi hiyo haikufanyika Ruiru, na bila kazi hiyo SE50 angekuwa bado anagombania majani ya kahawa. Tena mwaka 1970 hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyomlazimu mtu kuomba ruhusa ya kubeba udongo kwa ajili ya bakteria wake. Mkataba wa Bioanuwai, uliosema kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake za jeni, ulitiwa sahihi 1992 na kuanza kazi mwishoni mwa 1993. Kenya iliuridhia 1994.

Lakini ngoja kidogo. Machi 1995, mkataba ukiwa tayari unafanya kazi, Bayer iliomba hataza nyingine Ujerumani, na hii ilihusu jeni zenyewe za kutengeneza akabosi kutoka kwa Actinoplanes. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mwaka 2006 ripoti iliyotolewa na Edmonds Institute na African Centre for Biosafety ilimtaja bakteria wa Ruiru miongoni mwa mifano mingi ya rasilimali za Afrika zilizotumika bila mgawo unaoonekana. Wenye kuutetea upande wa kampuni wanasema udongo uliondoka kabla ya sheria. Wenye kupinga wanasema sheria inapaswa kuangalia siku ya kuutumia, si siku ya kuubeba tu. Sisi tunaijua hoja hii kwenye programu huria: ukichukua kazi ya mtu kabla hajaandika leseni, je, matoleo yako yote ya baadaye hayamhusu?

Maoni yangu: hata pale sheria isipodai pesa, heshima inadai jina. Mwaka 1985 Ruiru ilitoa aina ya kahawa inayostahimili magonjwa, nayo inaitwa Ruiru 11. Popote inapopandwa, jina la mji linakwenda nayo. Bakteria aliyetoka kwenye mashamba hayohayo anaitwa SE50. Tofauti ya hao wawili ni kwamba Ruiru 11 ilipimwa, ikateuliwa na kuboreshwa papa hapa na watu wetu.

TUFANYE NINI?

Sheria sasa zipo. Kenya ilitunga kanuni za kupata rasilimali za jeni na kugawana manufaa mwaka 2006, na vibali hutolewa na NEMA. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ilianza kazi 2014 na Kenya imo. Ni vizuri. Lakini kibali hulinda sampuli tu, na tumeshaona kwamba sampuli ni theluthi moja ya kazi.

Angalia jambo hili. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bielefeld walichapisha jenomu nzima ya SE50/110: herufi milioni 9.2, jeni zaidi ya 8,000. Ipo kwenye hifadhidata za wazi. Ni faili la megabaiti 9 hivi, dogo kuliko picha chache za simu. Kijana aliyekaa kwenye saiba ya Ruiru anaweza kumpakua bakteria wa Ruiru akiwa anakunywa chai! Msimbo umerudi nyumbani. Kilichobaki ng'ambo ni kipimo, tangi na ujuzi wa kuboresha.

Na hivyo havijashindikana kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi, kupitia kituo cha MIRCEN kilichoanza 1977, kimekusanya na kuteua bakteria aina ya rizobia, wale wanaokaa kwenye mizizi ya maharagwe na kuipa mimea nitrojeni ya kujengea asidi amino zake. Kutokana na kazi hiyo kuna bidhaa iitwayo Biofix, inayotengenezwa na kampuni ya MEA kwa leseni ya chuo. Sampuli, kipimo, uboreshaji na leseni, vyote ndani ya nchi moja. Na katikati ya Ruiru na Thika, pale Juja, kuna JKUAT, chuo kilichoanza kufundisha 1981 kwa msaada wa Japani, nchi ileile ya Udaka na kipimo chake.

Muda wenyewe hautungoji. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka nyumba na barabara; Tatu City yenyewe imekaa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Sisemi watu wasijenge. Nasema kabla tingatinga halijapita, mtu apite na kijiko na mfuko, aandike tarehe na mahali, aweke nakala kwenye hifadhi yetu wenyewe. Gharama yake ni ndogo kuliko kumwaga zege la nyumba moja.

Sisi watu wa programu tuna nafasi yetu pia. Hifadhi ya bakteria inahitaji hifadhidata, namba za matoleo na kumbukumbu zisizopotea. Kama wewe ni mwanafunzi wa kompyuta na unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, achana na mfumo mwingine wa kusimamia maktaba. Nenda idara ya biolojia, uulize wanahifadhi vipi orodha ya bakteria wao. Ukikuta ni daftari la kurasa 96, kazi umeipata.

Haya, nimesema mengi. Wenye habari zaidi, hasa nyinyi wazee wetu mliofanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru miaka ile, tuandikieni. Mpaka wakati mwingine, kwaherini.